Habeshi au Sokoke: paka yupi ahamie Chumbi?

Wale mliotuandikia mkilalamika kwamba safu hii imegeuka kuwa ya mahari na michango ya harusi tu, leo mtafurahi, maana tunazungumzia paka. Ndiyo, paka. Na msicheke, kwa sababu paka huyo pengine hata hajazaliwa, lakini ameshawalaza watu wawili wenye ndoa yao mzungu wa nne kwa wiki mbili.

Aliyetuandikia ni dada mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, jina lake tunalo. Ana mume, binti wa miaka saba na mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu ambaye kifua chake kinamsumbua, daktari ameshasema ni pumu. Mume ni mtumishi wa serikali na amepata uhamisho kwenda Chumbi, wilayani Rufiji. Ni nyumbani kwao hasa, mama yake bado yuko huko na analima mpunga na ufuta. Binti aliposikia habari za kuhama alilia na kugoma kula, mpaka baba akamwahidi kwamba wakifika Chumbi atapata paka wake mwenyewe. Machozi yakakauka papo hapo.

Sasa wana rafiki Nairobi anayejuana na wafugaji wa paka wenye hati za ukoo. Rafiki huyo kasema atawatafutia mtoto wa paka kwa bei ya kirafiki, wachague mmoja kati ya aina mbili, zote za manyoya mafupi: Habeshi au Sokoke. Baba anataka Habeshi. Mama anataka Sokoke. Mama mkwe akapiga simu kusema wasihangaike, chini ya kichanja chake kuna vitoto vitatu vya paka, waje wachukue. Na mwisho kabisa wa barua, kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona, dada yetu ameongeza kwamba uhamisho huo mumewe aliuomba mwenyewe, na yeye alikuja kujua barua ilipotoka.

Hilo la mwisho nitalirudia, nisidhaniwe nimelipita. Kwanza paka, maana ndiyo tuliyoombwa tuamue.

Tuanze na chaguo la shemeji. Habeshi ni yule paka mwembamba mwenye masikio makubwa na macho ya umbo la lozi. Ukimwona kwa haraka unadhani sungura, kwa sababu kila unywele wake una rangi mbili tatu zinazopishana, na mwili mzima unang'aa kama chuma chenye kutu kilichopigwa na jua. Jina linatokana na Uhabeshi, Ethiopia ya leo. Inasimuliwa kwamba paka aitwaye Zula alipelekwa Uingereza mwaka 1868, baada ya vita ya Waingereza na Mfalme Tewodros, na kufikia mwaka 1871 paka wa aina hii walishatajwa kwenye maonyesho ya Crystal Palace, London. Hadithi nzuri. Tatizo ni kwamba wanasayansi walipopima vinasaba, alama zilielekea pwani za Bahari ya Hindi na kusini-mashariki mwa Asia, wala si milima ya Ethiopia. Katika jumba la makumbusho la Leiden, Uholanzi, kuna paka aliyekaushwa wa aina hiyo, walimpata miaka ya 1830, na kibandiko chake kinataja India. Kwa hiyo Habeshi wa shemeji ni Mhabeshi wa jina, kama yule jirani yenu anayeitwa Mchina na hajawahi kuvuka Kibaha.

Uzuri anao, lazima tukubali. Ila ni paka asiyetulia. Atapanda pazia, atapanda kabati, atafungua mlango wa jiko akitaka, na sehemu yake anayoipenda ni ile ya juu kuliko zote. Si wa kukaa mapajani ukamsugua huku unaangalia tamthilia. Anapenda watu, na ukimwacha peke yake kutwa nzima ananyong'onyea au anavunja vitu. Kisha kuna magonjwa ya ukoo. Wapo Habeshi wanaozaliwa na kasoro inayofanya chembe nyekundu za damu zife mapema, wakapungukiwa damu, na wapo wanaopoteza uwezo wa kuona taratibu. Yote mawili hupimwa kwa kupangusa mate mdomoni na pamba na kuipeleka maabara, kwa hiyo mfugaji mwaminifu anayo majibu ya vipimo vya wazazi. Shemeji akiendelea na Habeshi wake, hiyo ndiyo karatasi ya kudai kabla ya hati ya ukoo.

Sokoke ni wa kwetu zaidi. Kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya kati ya Kilifi na Malindi, na ndiko jina lilikotoka. Mwaka 1978 mama mmoja mwenye shamba la minazi maeneo hayo, Jeni Slater, alikuta shambani kwake watoto wa paka wenye mabaka ya ajabu, kahawia kwa nyeusi, yamezungushana kama gome la mti. Wagiriama hawakushangaa, walikuwa wakimfahamu siku zote na jina lake wanalo, kadzonzo. Miaka ya 1980 baadhi wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafugaji paka, FIFe, likaitambua rasmi kuwa aina inayojitegemea. Ana miguu mirefu, ya nyuma mirefu zaidi ya ile ya mbele, ndiyo maana anatembea kama bibi harusi aliyevaa viatu vya kisigino kwa mara ya kwanza.

Kwa tabia naye ni mchangamfu, lakini anasikiliza nyumba. Anashikamana na watu wake, anaongea nao, watu wakigombana anajua. (Kwa hali ya nyumbani kwenu sasa hivi, maskini, angekuwa chini ya kitanda.) Hapendi kuhamishwa kutoka mkono huu kwenda mwingine. Joto la pwani halimsumbui, baridi ndiyo adui yake. Wasiwasi wa wafugaji ni kwamba paka hawa ni wachache mno, walioanzisha ukoo huko Ulaya walihesabika kwa vidole, na uchache wa damu si jambo zuri kwa afya ya kiumbe yeyote.

Mwanzoni watu walitaka sana Sokoke awe paka wa porini kabisa, kiumbe wa siri wa msituni. Vipimo vya vinasaba vikaja na jibu la kawaida tu: ni ndugu wa paka wa mitaani wa pwani ya Kenya na Lamu. Na mimi naona hapo ndipo penye utamu wa habari yote. Majahazi yaliyokuja Rufiji kupakia boriti za mikoko kwenda Uarabuni hayakusafiri bila panya, na palipo na panya hutafutwa paka. Sitashangaa hata kidogo siku mtu akipima vile vitoto vya chini ya kichanja kwa mama mkwe akakuta ni binamu wa huyo wa Nairobi, tofauti ni kwamba mmoja alikutwa na mtu mwenye kalamu na daftari.

Sasa dada yangu, nije kwenye jambo lililonifanya nikae kwenye barua yako kuliko nilivyotarajia. Umeandika kwamba mliamua manyoya mafupi kwa sababu ya kifua cha mtoto. Wengi wanaamini hivyo, hata baadhi ya wauzaji wanasema hivyo, lakini si kweli. Kinachomwamsha pumu mtoto mwenye mzio wa paka si unywele wenyewe, ni protini iliyoko kwenye mate ya paka na kwenye ngozi yake. Paka anajilamba kutwa nzima, mate yanakauka, yanakuwa vumbi laini lisiloonekana, linaelea hewani na kukaa kwenye mito, mapazia na nguo. Habeshi anayo, Sokoke anayo, paka wa bibi anayo. Hata wale wasio na manyoya kabisa wanaouzwa Ulaya kwa pesa nyingi wanayo. Manyoya mafupi yana faida zake, hasa kwenye joto la Rufiji, maana hayashiki matope wala mbigili, na kiroboto anaonekana mapema. Faida ya kifua haimo.

Kwa hiyo kabla hamjachagua aina, kuna jibu mnalolihitaji, na bahati nzuri halina gharama ya ndege. Nendeni Chumbi mwisho wa wiki, wote wanne. Siku hizi ni barabara tu, mnapita Kibiti na Ikwiriri, mnavuka Daraja la Mkapa, mnaendelea kusini. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 watu walisubiri pantoni pale Ndundu. Laleni kwa bibi siku mbili, watoto wacheze na hao paka. Beba dawa ya kuvuta ya mtoto na uwe umezungumza na daktari wake kabla. Akianza kukohoa usiku, kifua kikapiga filimbi, macho yakamwasha, ndugu zangu mjadala wa Habeshi na Sokoke umeisha. Asipopata shida, isichukuliwe kuwa cheti, maana mzio mwingine hujionyesha baada ya wiki nyingi za kuishi na mnyama, lakini angalau mtakuwa na pa kuanzia. Na kwa vyovyote paka asilale chumba kimoja na mtoto huyo.

Tuchukulie mtoto yuko salama. Nani kati ya wawili? Nikibanwa kabisa, nasema Sokoke, namuunga mkono dada. Hali ya hewa ya Chumbi haina tofauti kubwa na ile ya Malindi, jasho ni lile lile. Na nyumba yenye bibi, wajukuu na wageni haitamwacha mpweke. Habeshi angependa nyumba hiyo pia, sikatai, lakini angekuwa juu ya paa la bati siku ya pili na shambani kwa jirani siku ya tatu.

Ila mkinipa uhuru wa kusema nionavyo, simpeleki yeyote kati yao.

Sababu ya kwanza ni panya. Chumbi watu wanahifadhi mpunga na mahindi nyumbani, na panya wakizidi mtu anaweka sumu. Paka akila panya aliyekula sumu naye anakufa, au anasinyaa siku kadhaa mbele ya macho ya mtoto. Nyinyi mnaweza kuacha sumu kwenu, je, jirani? Paka wa kienyeji naye anaweza kufa hivyo, simfanyi malaika. Tofauti ni kwamba huyu mwingine amesafirishwa kutoka Nairobi kwa kibali cha kuingiza mnyama, cheti cha afya na chanjo ya kichaa, akiwa na jina refu kuliko la mwenye nyumba, na kila siku baba atakuwa anamfungia ndani kama dhahabu. Mtoto aliahidiwa paka wa kucheza naye, si wa kulindwa.

Pili, daktari. Rufiji imepokea wafugaji wengi wa ng'ombe, hasa tangu walipoondolewa bonde la Usangu kuanzia mwaka 2006, na afisa mifugo wa huko mikono yake imezoea ng'ombe na mbuzi. Chanjo ya kichaa atakusaidia kuipata, dawa ya minyoo pia. Habeshi akipungukiwa damu, safari ni ya kurudi Dar, au Morogoro kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Tatu, madume. Jike asipofanyiwa upasuaji wa kufunga uzazi anaweza kushika mimba akiwa na miezi mitano sita tu, na baada ya miezi miwili utakuwa na nusu Habeshi wanne ambao baba zao ni mashume wa Chumbi. Hati ya ukoo imekwenda na maji.

Na maji yenyewe msiyasahau. Aprili 2024 Mto Rufiji ulipofurika, watu wa Rufiji na Kibiti waliacha mashamba na nyumba wakabeba walichoweza. Siwatishi, shemeji anapafahamu kwao kuliko mimi. Lakini mnyama mnayemchukua awe yule ambaye siku hiyo mtambeba kwenye kikapu chenye kifuniko bila kuanza kugombana juu ya thamani yake.

Kwa hiyo kura yangu inakwenda kwa bibi na vitoto vyake vitatu. Najua shemeji atanuna. Atasema mtoto aliahidiwa paka wa maana. Hapana shemeji, binti aliahidiwa paka wake mwenyewe, neno "wa maana" umeliongeza wewe, na nina mashaka kwamba Habeshi huyo anatafutwa ili watu wa Chumbi waone mtoto wao amerudi kutoka mjini na kitu. Tamaa hiyo si dhambi, kila aliyewahi kurudi kijijini na gari la kuazima anaielewa, ila isipitishwe mgongoni kwa mtoto wa miaka saba.

Mpelekeni mwenyewe achague. Asimchukue mwenye chini ya wiki nane, bado anahitaji mama yake na mafunzo ya ndugu zake. Amtazame yule anayekuja mwenyewe kuunusa mkono, macho makavu, pua safi, tumbo lisilovimba kama ngoma. Anayejificha pembeni anatia huruma lakini nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu itamtesa. Mkihamia, afungiwe ndani wiki mbili tatu ajue kwamba hapa ndipo kwao, la sivyo atarudi kwa bibi kwa miguu yake. Chanjo ya kichaa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na paka yeyote akimuuma au kumparura mtoto, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, msisubiri kesho.

Chakula: ugali na mchuzi wa dagaa kila siku hautoshi, paka ni mla nyama, asipopata nyama au samaki wa kutosha moyo na macho vinadhoofika. Vitunguu hapana. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Panadol ni sumu kwake, hata kipande, na ile dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini inaua paka. Nimeyaandika kwa haraka lakini yabandikeni jikoni.

Dada yangu, kama una mpango wa mtoto wa tatu, kinyesi cha paka asafishe shemeji, kila siku bila kuruka, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma vinahitaji siku moja au zaidi nje ya tumbo la paka kabla havijaweza kuambukiza. Ukilazimika kushika udongo wa bustani vaa glavu, na nyama iive. Hakuna haja ya kumfukuza paka nyumbani kwa sababu ya ujauzito, kama mashangazi wanavyoshauri.

Mama mkwe hutapata naye shida. Kwa familia ya Kiislamu kama mlivyo, paka si najisi, anaingia na kutoka ndani, na maji aliyoyanywa yanafaa kwa udhu. Ungekuwa umeniuliza habari ya mbwa tungekuwa na barua nyingine.

Haya, lile la herufi ndogo. Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona kwamba ulianza kumpenda Sokoke siku ile ile shemeji alipotamka Habeshi. Kama angetamka Sokoke, nahisi leo ungekuwa unanieleza uzuri wa Habeshi. Umeachishwa kazi yako Dar, umeambiwa unahama, hukuulizwa, na kitu pekee ulichoulizwa maoni yako ni paka. Hata mimi ningeng'ang'ana hapo hapo. Lakini mkitoka mmoja mshindi kwenye suala la paka, lile la uhamisho litabaki pale pale, mtahama nalo.

Shemeji, kama unasoma, na najua wanaume mnausoma ukurasa huu mkiwa saluni mnasubiri kunyolewa, nina swali kwako na halihusu paka. Mkeo atafanya kazi gani Chumbi? Umeshamuuliza? Una hoja zako, mama yako anazeeka, shamba lipo, na mtu kutaka kuwa karibu na mzazi wake hakuna wa kumlaumu. Zungumza naye hizo hoja kama vile barua ya uhamisho haijatoka. Safari ile ya mwisho wa wiki inafaa. Watoto wakiwa na paka kwa bibi, nyinyi tembeeni mpaka mtoni, muende na maji ya kunywa maana mazungumzo yatakuwa marefu. Akisema anahitaji mwaka mmoja amalizie mkataba wake Tabata, sikiliza. Paka wa bibi watazaa tena.

Na binti aambiwe ukweli wa pande zote: kwamba paka atampata, kwamba ni wa kwake, na kwamba anaruhusiwa kuendelea kuililia Tabata hata akiwa amempakata.

Mwezi ujao tuna barua ya kijana wa Mbezi ambaye mchumba wake anataka wafungue akaunti ya pamoja benki kabla ya ndoa. Yeye anasita, mama yake anasema asithubutu. Mwenye uzoefu atuandikie mapema kabla gazeti halijakwenda kiwandani. Na dada wa Tabata, tunasubiri kusikia binti kamwita paka wake nani.